Marehemu Yumo Kwenye Begi Lako

Marahaba, mwanangu Somoe.

Najua hujaniamkia bado. Lakini barua hii utaisoma ndani ya basi, na kwa ninavyokujua, ukiona tu mwandiko wangu utasema "shikamoo baba" kwa sauti, abiria wa pembeni akuangalie. Kwa hiyo nimejibu mapema, usije ukaonekana unaongea peke yako.

Sasa hivi ni alasiri. Wewe uko kwa shangazi yako unasukwa nywele, mama yako anakaanga korosho za safari, na mimi nimekaa hapa dukani, nimegeuza boksi la balbu kuwa meza. Wateja wakija nawaambia leo fundi amekuwa karani, warudi kesho. Mmoja kaona nilivyoinama kaniuliza nani kafa. Nimemwambia hajafa mtu, ila kuna marehemu anasafiri. Kaondoka haraka. Wewe utaelewa huko mbele.

Habari za sweta la baridi ya Arusha, za kutokubali soda ya mtu usiyemjua, za kushika mkoba kifuani, mama yako ameshazimaliza, na akizimaliza anazianza upya. Mimi huko sina la kuongeza. Hata hilo sweta mwenyewe sijawahi kulivaa, na hapa Newala upepo wa Juni tunaujua.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya maneno uliyomwambia mama yako juzi jikoni, mnachambua mbaazi. Mama yako hana siri na mimi, hasa ile aliyoambiwa asiseme. Kanieleza kwamba ofisi yako mpya ya Arusha imekutumia mchoro wa bodi ya umeme, ya kwanza utakayoifanyia kazi, ile ya bomba la maji la kufungua kwa kadi, na kwamba mabomba yenyewe yanakuja huku kwetu, la kwanza Kitangari, kwa bibi yako. Wenzako wameshaipitisha bodi hiyo kwenye programu ya kompyuta, ikasema yote salama, yote kijani. Wewe ukaangalia, ukaona hakuna mahali walipoiambia habari za salfa. Halafu ukamwambia mama yako, "Kikao cha kwanza nitakaa kimya, mama. Wale wana digrii, na mimi niko kwenye majaribio. Nikianza na salfa ya Newala watanicheka."

Nilicheka nilipoambiwa. Nikaendelea kucheka kidogo, halafu nikaacha.

Somoe, yale maziko ya sanduku la taa ulikuwa mdogo, naona umebaki na nusu yake. Nusu nyingine ninayo mimi, ngoja nikupe uwe nayo nzima.

Unajua shule niliachia darasa la nne. Mwalimu alikuwa anataka nikae kimya, na mimi sikuona faida yake. Nikauza mabibo, nikauza mitumba, nikauza barafu, jua likawa ndiyo mteja wangu mkubwa. Mwisho nikajifunza redio kwa kuziharibu za watu. Ndipo nikaja na yale masanduku ya taa: betri ndani, taa juu, tundu la kuchajia simu, na redio ubavuni. Bodi nazichomelea mwenyewe kwa risasi, hapa hapa. Yalipendwa hayo masanduku. Yalifika Kitangari, yakafika Nanganga, yakashuka mpaka Lulindi. Na salfa nayo nikawa nauza, maana msimu wa kupuliza mikorosho ukifika, mtu atakosa sabuni lakini ule unga wa njano atautafuta, ubwiri, ule ukungu mweupe, usimmalizie maua. Stoo yenyewe ni moja. Bodi chini, mifuko ya salfa juu yake, kama mke na mume.

Basi masanduku yakaanza kufa. Leo moja, kesho lingine. Mimi mdomo ninao, si unaujua. Mteja wa Nanganga akija namwambia ameliweka karibu na jiko. Wa Kitangari namwambia ni panya amekata waya. Mwingine nilimwambia taa ya jua haipendi nyumba yenye ugomvi, na yule bwana aliondoka ameinamisha kichwa, nadhani alienda kumuomba mkewe msamaha. Kila mteja nilimpa sababu yake, sikupenda kurudia. Wanacheka, mimi nacheka, wanaondoka na sanduku bovu. Nikadhani nimeshinda.

Mpaka alipopanda Mama Stiveni kutoka Lulindi. Yule ni Mmakua, mtani wetu, na mtani hakasirikiwi hata akikumwagia maji ya kufulia. Alikuja siku ya watu wengi sokoni, na wenzake, na mkeka, na kanga mpya. Wakatandika mkeka hapa mbele ya duka langu. Wakalilaza sanduku la taa katikati, wakalifunika kanga, wakakaa pembeni, wakaanza kulia.

"Mwanangu mie," anaomboleza, "umekufa hata kutambaa hujatambaa."

Unakumbuka watu walivyojaa? Muuza dagaa aliacha dagaa wake. Mzee mmoja, naye mtani, akavua kofia akauliza marehemu anazikwa Kiislamu au Kikristo. Mama Stiveni akafuta machozi ambayo hayakuwepo. "Ijumaa alikuwa anasikiliza mawaidha," akasema, "na Jumapili anasikiliza kwaya. Mzikeni pande zote mbili, hakuwa na ubaguzi."

Mimi nikatoka na mdomo wangu kama kawaida. Nikasema poleni wafiwa, naona hii ni kazi ya panya.

"Baba Somoe," akanijibu bila hata kunigeukia, "Mmakonde gani anamwacha panya mpaka anafika kwenye waya? Huko kwenu panya safari yake inaishia kwenye chungu."

Soko lote likalala chini kwa kicheko. Hata mama yako, nilimuona, alikuwa ameshika nguzo ya genge. Nikajibu kwamba wao kwao Lulindi wanamtilia na nazi kabisa, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Ndipo akaacha kulia, akaninyooshea kidole.

"Mbele ya marehemu, niambie. Nini kimemuua?"

Hapo nikatafuta mzaha kushoto, nikatafuta kulia, stoo tupu. Nikasema, "Sijui."

Neno lenyewe lilinitoka kama jino. Na unajua yeye alifanyaje? Hakunicheka. Alisema, "Haya. Sasa tunaweza kumfungua." Akakunja kanga, akaomba bisibisi.

Halafu wewe ukapita katikati ya miguu ya watu. Ukaiangalia bodi, ukaniuliza mbona shaba imekuwa nyeusi kama sufuria ya mama. Halafu ukainusa, maana wewe tangu zamani kila kitu unanusa, ukasema inanuka kama stoo. Watu wote wakageuka kuangalia stoo. Mifuko ya njano ile, imekaa juu ya bodi zangu, imetulia kama wakwe.

Salfa ilikuwa inakula shaba, Somoe. Inaila polepole ndani ya stoo, halafu mteja akilipeleka sanduku nyumbani, nako msimu wa kupuliza unaikuta bodi imeshaumwa, unaimalizia. Panya wa watu nilimsingizia bure.

Nikatozwa. Jogoo, unga, na sanduku jipya lenye bodi mpya iliyolala chumbani kwetu, mbali na stoo. Tukapika, tukala wote. Marehemu tukamchimbia kaburi nyuma ya duka, karibu na mpapai, Mama Stiveni akasoma wasifu wake, alizaliwa Newala, akaolewa Lulindi, hakuacha mtoto. Unalijua lile kaburi, umelirukia kamba miaka yote.

Sasa sikiliza kitu nilichokaa nacho muda mrefu. Wale wateja wengine walikuwa watu wastaarabu. Walinung'unika kidogo, nikawachekesha, wakarudi makwao gizani. Aliyenitandikia mkeka wa msiba mbele ya soko ndiye aliyeiokoa kazi yangu. Angekuja kwa adabu, ningempa panya wake akaondoka.

Na hapo nikajiona mwenyewe. Wewe unaogopa kuongea, unasema utakaa kimya. Mimi sijawahi kukaa kimya, nilikuwa naongea ili mwenzangu asipate nafasi ya kuniuliza. Lakini ukiangalia sanduku la Lulindi, sijui kama kuna tofauti. Limekufa tu. Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa nimesimama mahali pa juu. Nakuandikia kutoka kwenye mkeka ule ule.

Ulipotoka chuo ukaja na laptopu, nilikaa pembeni yako kama mtoto anayesubiri ukoko. Ulinichorea bodi yangu humo, kila njia ya shaba mahali pake, safi kuliko mikono yangu ilivyowahi kuichomelea. Halafu ukaniambia, baba, sasa tuione itakavyokufa. Nikashtuka, nikasema bodi yenyewe haijazaliwa. Ukaiambia programu joto la mchana chini ya bati, ukaiambia baridi ya alfajiri, ukaiambia barabara ya kushuka Masasi kwa pikipiki. Bodi ikaanza kupigwa rangi, huku bluu, kule nyekundu, na ikaanza kutikisika kwenye kioo kama mtu aliyepanda nyuma ya bodaboda. Ikasema ile transfoma niliyoiweka katikati ni nzito, bodi inapinda chini yake kama chaga za kitanda, na miguu yake itang'oka kwenye risasi kabla ya kitu kingine chochote. Nikabisha. Nikasema mimi katikati naweka miaka yote. Ukatoa kwenye droo bodi zangu za zamani zilizorudishwa. Miguu ya transfoma, nyufa tupu, ndogo kama nywele.

Siku ile nikaipa programu yako jina, nikaiita Mtani. Inakuja mapema, inakutandikia mkeka wakati bado una nafasi ya kuokoa mgonjwa. Na haiombi jogoo. Nilimwambia Mama Stiveni kuna mwenzake anaishi ndani ya kompyuta, akauliza kama ameolewa.

Tukaihamisha transfoma karibu na skrubu. Ikawa kijani. Ukapunguza hiki, ukaongeza kile, bodi yote kijani kama shamba la kunde. Mimi hapo hapo nikavaa viatu. Nikapita Kitangari natangaza, masanduku mapya, yamepimwa na kompyuta, hayafi. Nilirudi nina majina ya watu mfukoni mpaka yanadondoka, nikakukuta umekaa umekunja uso.

Ukaniambia, "Baba, huyu Mtani hajui salfa."

Nikasema si umwambie.

"Hana mahali pa kuambiwa. Anajua joto, anajua mtikisiko. Salfa hajawahi kuiona."

Nilikasirika, mwanangu, na nadhani ulijua. Nilikuambia kijani ni kijani. Nikakuambia watu wanasubiri. Ukakata vipande vya bodi, vingine ukavipaka vanishi, vingine ukaviacha wazi, ukavitundika kwa uzi ndani ya stoo juu ya mifuko, vinaning'inia kama ng'onda, samaki wa kukaushwa. Msimu mzima wa kupuliza vikakaa humo. Kila mtu aliyeniuliza masanduku yako wapi nilimwambia yako jandoni, yakitoka mtayapigia vigelegele. Mzaha wa kulazimishwa ule, nakuambia, mdomo ulikuwa mchungu.

Tulipovishusha, vilivyo wazi vyote vyeusi. Vilivyopakwa vinang'aa. Isipokuwa pale kwenye swichi, ambapo vanishi haikupita kwa sababu chuma lazima kiguse chuma. Napo pameliwa. Ukakiangalia kipande kile, ukabadilisha swichi, ukaweka ile iliyozibwa kabisa. Masanduku yale yapo mpaka leo, yanawaka. Hakuna aliyekuja na mkeka.

Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu. Wewe ndiye uliyesema bado. Na ulimwambia nani? Ulimwambia baba yako, mwenye duka, mwenye majina ya watu mfukoni, na mwenye sauti inayosikika mpaka stendi. Hao wa digrii watakuwa wakali kuliko mimi? Sidhani. Wengine hata kubisha hawajui, wanabisha kwa barua pepe.

Na wala usiwafikirie vibaya. Salfa wataijulia wapi? Huko kwao hawana mikorosho. Mtani hawezi kukutania habari za nyumba ambayo hajaingia. Ile programu imeingia nyumba nyingi kuliko mimi na wewe, lakini Kitangari haijafika. Aliyefika Kitangari ni wewe. Uliteka maji kule kwa bibi yako, unajua foleni ya ndoo inavyokaa, unajua bibi anavyoshika kiuno akinyanyuka. Wakimwekea bomba la kadi, msimu wa kwanza ataimba. Halafu watapuliza mikorosho, unga utatua kwenye kila kitu kama unavyotua, kadi itakataa, bomba halifunguki. Bibi yako atachukua ndoo yake ya zamani kule alikoitupa. Na akiuliza nani katengeneza hii bodi, nitamwambia nini? Panya?

Wakikucheka, wacha wacheke. Mimi nimechekwa na soko zima, na kesho yake nilifungua duka. Hata nywele zilikuwa mahali pake, enzi hizo ninazo.

Inawezekana pia usieleweke siku ile. Inawezekana wakasema tutaangalia, halafu wasiangalie, ukae na hasira yako chumbani. Mimi sina dawa ya hilo. Kama wakiamua majaribio yako yaishie hapo, rudi. Stoo ipo, risasi ipo, na kiti chako sijampa mtu. Mama yako atalia, mimi nitajifanya nina vumbi machoni, halafu tutaendelea na kazi. Sikukuombea kazi ili uende ukawe mtu mwingine.

Naongea kama nimemaliza na sijamaliza. Asubuhi ya leo Mama Stiveni alipita kukuaga, ukawa umetoka. Anatembea na fimbo sasa, mdomo ndio ule ule. Aliuliza mtoto anaenda kufanya kazi gani, nikamwambia anaenda kukaa na kompyuta inayosema kitu kitakufa lini. Akasema, "Kumbe anaenda kuwa mtani wao." Nikasema lakini anaogopa. Akasema kila mtani anaogopa akiwa njiani, hata yeye siku ile aliposhuka kwenye lori na mkeka wake alitaka kurudi Lulindi. Kwamba alikaa kwanza kwenye genge la chai, wenzake wanamsukuma. Mimi sikujua hilo. Miaka yote hii nilidhani alikuja amejaa ujasiri.

Halafu akaniuliza kama kaburi bado lipo. Na hapo ikabidi nimwambie, na wewe nakuambia sasa. Kaburi lile ni tupu. Nilizika sanduku peke yake. Bodi niliichomoa usiku wa matanga, wakati mnakula jogoo wangu, nikaificha kwenye kopo la skrubu. Sikujua naifichia nini. Naona fundi hawezi kuzika kitu ambacho hajamaliza kukielewa. Mama Stiveni amecheka mpaka akakaa chini, akasema jogoo mwingine nadaiwa.

Kwa hiyo kabla hujafunga begi, nitaingiza mkono chini ya nguo zako, chini kabisa, mama yako asione. Nitaweka humo kitu kilichofungwa kwenye kanga kuukuu. Kanga ni ile ile ya Mama Stiveni, kaniachia asubuhi uende nayo. Ndani yake yumo marehemu, mweusi vile vile, na ukimnusa bado ananuka stoo. Nimemuwekea na kipande chako kile cha vanishi kilicholiwa kwenye swichi, wasafiri wawili wasione upweke.

Siku ya kikao, usianze na maneno kama Kiingereza chako kinakataa. Wao wakifungua laptopu, bodi iko kijani, kila mtu ametulia, wewe tandika ile kanga juu ya meza, mlaze marehemu katikati, rudi ukakae. Watauliza tu. Na wakiuliza, hutakuwa umeanza wewe.

Waambie ni ndugu yetu wa Lulindi, alikufa akiwa bado kijana, sababu yake bado imo mwilini mwake, na amepanda basi kutoka Newala mpaka Arusha kwa ajili ya bibi mmoja wa Kitangari.

Ukitoka hapo nipigie. Mimi nitakuwa hapa kaunta, na safari hii nitakaa kimya mpaka umalize.

Ni mimi baba yako, mzika masanduku matupu,
Baba Somoe